Kuchakuro na Sahani za Ziwani

Hapo zamani za kale, enzi ambazo wanyama walikuwa na miji yao, wakiandikiana barua na kuanika nguo kambani, palikuwa na ziwa dogo katikati ya mji. Dogo kweli. Ukikohoa ukingo huu, aliye ukingo wa pili anakuambia pole.

Kulizunguka ziwa hilo palikuwa na bustani ya mji mzima. Majani mafupi ya kijani, njia za changarawe, mabenchi, na bembea za watoto zilizolia kwii-kwaa, kwii-kwaa. Jioni wanyama walitoka kazini wakaja kupunga upepo. Mwenye kiu alishuka ziwani akanywa, akapangusa mdomo, akaenda zake. Hakuna aliyemuuliza kitu.

Ziwa lilitunzwa na Bwana Kiboko. Nyumba yake ilikuwa pale pale ukingoni, na jani likianguka majini aliliokota kabla halijalowa. Bustani ilitunzwa na Bi Nyati, ambaye nyumba yake ilikuwa karibu na lango. Alikata majani kwa meno yake mwenyewe, na benchi likipata vumbi alilipuliza: phuuu!

Wazuri wote wawili, wachapakazi wote wawili. Ila walikuwa na wivu. Wivu mnaujua? Msiniangalie hivyo, mnaujua sana. Mimi mwenyewe jirani yangu alipotundika pazia jipya, nilikaa siku tatu sifungui dirisha la upande ule.

Basi siku moja Twiga alikuja na wageni wake kutoka mji mwingine. Akanyoosha shingo, akasema kwa sauti kubwa, "Lo! Tazameni ziwa letu lilivyo zuri!"

Bi Nyati alikuwa hapo hapo, mdomo umejaa majani. Akangoja amalizie: na bustani pia. Akangoja. Wapi! Twiga na wageni wake wakapita, tena juu ya majani yale yale aliyoyakata asubuhi.

Bi Nyati akayatema majani yaliyokuwa mdomoni.

"Ziwa! Ziwa! Kidimbwi kile?" akafoka. "Mimi nainama hapa mpaka kiuno kinaniuma, sifa zinakwenda kwa mtu anayeshinda ameoga! Basi hakanyagi mtu majani yangu kwenda kumsifia mwenziwe!"

Akakata matawi ya miiba, akaizungushia bustani nzima ua. Akaacha kilango kimoja chembamba, akakaa mbele yake na pembe zake mbili.

Mnadhani Bwana Kiboko alikasirika? Alikasirika, lakini si kwa sababu mnayoifikiria. Alichungulia kutoka majini, akauona ule ua, na roho ikamuuma.

"Kumbe yeye ana ua!" akasema. "Yeye awe na ua, mimi nisiwe nao? Kwani mimi nani? Chura?"

Akakata miti, akaichomeka moja moja kulizunguka ziwa, tu! tu! tu! "Na mimi hanywi mtu maji yangu," akasema, "akiwa na vumbi la bustani ya yule miguuni."

Ndivyo ziwa la mji mzima lilivyopata nyua mbili kwa siku moja.

Wakubwa hawakujali sana. Twiga na Punda Milia walikuwa na miguu ya kufika mtoni, mwendo wa nusu siku kwenda na nusu siku kurudi. Lakini wadogo je? Panya atafika mtoni lini? Kobe akiondoka leo, atakuta msimu umebadilika. Walitegemea bomba lililokuwa barabarani, nje ya bustani, na ulikuwa mwezi wa jua kali. Siku ya nne bomba likakoroma, krrrr, likatoa hewa, likanyamaza.

Katika ufa wa ukuta, karibu na bomba hilo, aliishi Kuchakuro, kindi wa ardhini, na watoto wake watatu. Mdogo wao aliitwa Sikudhani. Sikudhani alikuwa na midomo iliyopasuka kwa kiu, na kila kukicha alilamba ukuta mahali palipopata umande.

"Mama," akasema siku hiyo, "leo ukuta umekauka."

Kuchakuro akavaa khanga yake, akaenda kwenye kilango.

"Shikamoo, Bi Nyati."

"Marahaba. Rudi ulikotoka."

"Mtoto wangu ana kiu, bibi. Nipishe nikachote maji kidogo tu."

"Maji ya nani? Ya yule? Upite kwenye majani yangu, ukifika kule useme, 'Ahsante Bwana Kiboko, maji yako matamu'? Hupiti!"

Kuchakuro akajaribu kupenya chini ya miguu yake. Fyuuu! Hakufika mbali. Di! Di! Di! Ardhi ikatikisika, na pembe ikamnyanyua ikamtupa nje. Pu! Akaangukia mgongo kwenye vumbi.

Alipokuwa amelala pale akihesabu mbavu zake, aliona jambo. Bi Nyati alikuwa amemsahau kabisa. Alikuwa amegeuka, amesimama kwa ncha za kwato, ananusa upande wa ziwani. Moshi mwembamba ulikuwa unatoka jikoni kwa Bwana Kiboko.

"Anapika nini yule?" Bi Nyati akajisemea. "Kuna kitunguu. Kuna... iliki? Iliki ameipata wapi? Mbona mimi sina iliki?"

Akanusa tena, masikini, kama mtu anayesikiliza siri za nyumba ya pili. Kuchakuro akainuka polepole, akajipangusa vumbi.

"Aha," akasema moyoni. "Kumbe mlango wako uko hapo."

Sasa wanangu, mnajua desturi yetu ya sahani. Jirani akikuletea chakula, humrudishii sahani tupu. Ni aibu. Hata kama huna kitu, utatia ndizi moja, utatia embe. Wanyama wa mji ule walikuwa na desturi hiyo hiyo, na waliishika kuliko sisi.

Kuchakuro akarudi nyumbani. Ndani hamkuwa na kitu ila karanga, gao moja la mkono, za mwisho. Akazikaanga vizuri, akazitia chumvi, akazimimina katika sahani yake ya maua, akaifunika kawa. Watoto wakatazama.

"Mama, hizo si zetu?"

"Zilikuwa zetu. Sasa ni za Bwana Kiboko. Nyamazeni."

Akangoja mpaka alipomwona Bwana Kiboko akitoka na kikapu chake kwenda sokoni, maana yeye hakuna wa kumzuia njia. Alipopotea tu, Kuchakuro akajitwika ile sahani kichwani, akaenda kwenye kilango.

"Hodi!"

"Wewe tena! Unataka nikutupe mpaka mtoni?"

"Nimetumwa, bibi. Bwana Kiboko amepita kwenda sokoni, akanikuta pale ukutani. Akaniambia, 'Mpelekee jirani yangu, mimi naona haya.'"

Uongo huo! Lakini angalieni uso wa Bi Nyati. Akafunua kawa. Akatazama karanga. Akatafuna moja. Kachu. Akatafuna ya pili. Kachu kachu. Zilikuwa tamu, na utamu wenyewe ndio uliomchoma.

"Unaona?" akasema. "Unaona anavyonifanyia? Anataka kunionyesha kwamba yeye anajua kukaanga! Mimi sijui, siyo? Ngoja!"

Akala karanga zote kwa hasira, akaingia jikoni. Mlio wa mafuta ukasikika: chwaaa! Alipotoka, sahani ilikuwa imejaa vitumbua, vinene, vyekundu pembeni, vinatoa moshi.

"Mpelekee. Mimi sitaki kuuona uso wake. Umeileta wewe, utairudisha wewe."

"Lakini bibi, njia..."

"Pita!" Bi Nyati akakifungua kilango kwa pembe yake mwenyewe.

Kuchakuro akapita juu ya majani, anatembea kwa adabu, sahani kichwani, mpaka kwenye miti ya Bwana Kiboko, ambaye alikuwa amekwisha rudi kutoka sokoni.

"Nani anakuja na vumbi la yule miguuni?"

"Shikamoo, Bwana Kiboko. Nimeleta sahani kutoka kwa Bi Nyati."

Hapo hakusema uongo hata chembe.

Bwana Kiboko akatoa kichwa kizima majini. Chubwi! "Kutoka kwa nani?"

"Kwa Bi Nyati, jirani yako."

Akakitia kitumbua kimoja katika kile kinywa chake. Akafumba macho. Kisha masikio yake yakaanza kutikisika kwa wivu.

"Vimeumuka hivi?" akauliza kwa sauti ndogo. "Vyangu havijawahi kuumuka hivi. Amevileta makusudi! Amejua mimi vyangu vinakaa kama visigino! Ngoja, ngoja hapo hapo!"

Akavila vyote, akaanza kukoroga unga. Kuchakuro akasema kwa upole, "Bwana, sahani ina mafuta. Niruhusu niioshe, isije ikarudi chafu, wakasema."

"Wakasema nini? Ioshe! Ioshe vizuri!"

Bwana Kiboko akang'oa mti mmoja kumpisha. Kuchakuro akafika majini. Jamani! Akanywa, gu! gu! gu! mpaka tumbo likawa gumu. Kisha akaiosha sahani. Kisha akakumbuka nyumbani, akajaza maji katika mashavu yote mawili, mashavu yale ya kuwekea karanga, mpaka uso ukawa mpana kama wa Chura.

Akapewa mkate wa kumimina, wenye iliki, umekatwa pande sita. Akarudi nao.

Bi Nyati alikuwa anamngoja kwenye kilango, miguu haitulii. "Amesema nini?"

Kuchakuro atasema nini na mdomo umejaa maji? Akatikisa kichwa.

"Hakusifu?"

Akatikisa kichwa.

"Hata kidogo? Amekula lakini?"

Akakubali kwa kichwa.

"Amekula vyote, asisifu!" Bi Nyati akapiga kwato. "Lete huo mkate. Mh! Iliki! Kanitilia iliki makusudi! Basi kesho asubuhi uje, unasikia? Uje mapema!"

Kuchakuro akakimbia mpaka kwenye ufa wa ukuta, akamwinua Sikudhani kidevu, akammiminia maji kinywani, tone kwa tone. Wa pili naye akapata, na wa tatu. Sikudhani akafumbua macho.

"Mama, yana iliki?"

"Hayana. Ni maji tu."

"Matamu," akasema mtoto, akalala.

Asubuhi Bi Nyati alikuwa amepika boga la nazi, sahani mbili. Bwana Kiboko akajibu kwa mihogo ya nazi, bakuli tatu. Bi Nyati akapeleka kunde, sinia zima. Kuchakuro akalishika lile sinia upande mmoja, akajitia kulegea magoti.

"Bibi, peke yangu siliwezi. Likimwagika njiani, yule atacheka."

"Acheke? Nani acheke? Tafuta wenzako!"

Kuchakuro akawaita Panya, mke wake na wanawe kumi na mmoja. Akamwita Kobe, akamwekea bakuli mgongoni. Kobe alitembea polepole mpaka chakula kikapoa, lakini hakikumwagika hata punje. Njiwa wakabeba vijiko. Wote walipofika kule walisema maneno yale yale waliyofundishwa: "Bwana, vyombo vina mafuta, tuvioshe?"

"Viosheni, viosheni! Mimi niko jikoni, msinisumbue!"

Wakaosha kijiko kimoja watu sita. Wakaosha bakuli lililokwisha oshwa. Wakanywa wakashiba, wakabeba maji mashavuni na katika makopo, na Kobe akarudi na bakuli la maji mgongoni badala ya mihogo.

Wivu nao ukazidi. Sinia la tano lilikuwa pana kuliko kilango. Bi Nyati akalipima kwa jicho, akapima kilango, akatazama ua wake wa miiba alioujenga kwa jasho lake.

"Nipunguze chakula?" akasema. "Aseme nimeishiwa? Thubutu!" Akaurukia ua kwa pembe. Kra! Kra! Kra! Upande mzima ukalala chini.

Kwa Bwana Kiboko nako sufuria likawa kubwa, kuni zikaisha. Akaangaza huku na huku. Akaona miti yake ilivyopangwa kulizunguka ziwa, mikavu, mizuri. Akang'oa miwili. Kesho yake akang'oa saba. Mwisho wa wiki ua wote ulikuwa majivu chini ya sufuria.

Njia ikachimbika katikati ya majani, kutoka barabarani mpaka majini. Bi Nyati aliiona. Aliyapenda majani yake yale, na moyo ulimuuma kweli. Kila siku alisema, "Ngoja nimpelekee hili moja, kisha nitazuia." Na kila siku lilirudi jingine kubwa zaidi.

Ikafika siku ambayo kila mmoja alipika sufuria ambalo hata Panya wote wa mji wasingeliinua. Bi Nyati akasema, "Nitalipeleka mwenyewe!" Bwana Kiboko naye, bila kujua, akasema hivyo hivyo. Akatoka majini na sufuria lake, anachuruzika maji na jasho.

Wakakutana katikati ya njia. Uso kwa uso.

"Wewe!" akasema Bi Nyati.

"Wewe!" akasema Bwana Kiboko. "Umenitesa na mapishi yako! Silali! Usingizini naona vitumbua!"

"Nimekutesa mimi? Nani alianza?"

"Si wewe ulianza, na vitumbua vyako vilivyoumuka?"

"Vitumbua vilikuwa vya kurudishia sahani! Nilikuwa nalipiza karanga zako!"

Bwana Kiboko akashusha sufuria. Pu! "Karanga gani?"

"Karanga ulizonitumia siku ile, za chumvi!"

"Bibi wewe, mimi tangu nizaliwe sijakaanga karanga. Zinanikwama kwenye meno."

Wakageuka pamoja, polepole, kuelekea ziwani. Ukingoni alikuwa amechuchumaa Kuchakuro pamoja na Sikudhani. Mtoto alikuwa ameinama anakunywa, mkia juu.

Di! Di! Di! Kabla Kuchakuro hajakimbia, kwato la Bi Nyati lilikuwa juu ya mkia wake.

"Sema!"

Kuchakuro akajikaza. "Karanga zilikuwa zangu," akasema. "Zilikuwa za mwisho nyumbani. Mtoto huyu alikuwa analamba ukuta, bibi. Nikakuomba, ukanitupa."

"Umetufanya watumishi wako!" akanguruma Bwana Kiboko. "Umetupikia uongo, ukanywa na maji yangu! Leo leo ua unarudi! Na kupelekeana sahani kumekwisha!"

"Kumekwisha!" akasema Bi Nyati. "Na miiba naleta mirefu zaidi!"

Panya wakaanza kulia. Kobe akaingiza kichwa. Sikudhani akamshika mama yake khanga.

"Sawa," akasema Kuchakuro. "Nyinyi ni wakubwa, mimi sina la kusema. Nina swali moja tu. Anaacha nani kwanza?"

"Kwanza vipi?"

"Masufuria yako mawili hapa, na yote yamejaa. Bibi akiacha sasa hivi, akarudi na lake nyumbani, basi chakula cha mwisho kupelekwa kitakuwa cha Bwana Kiboko. Bwana akiacha yeye, kitakuwa cha bibi. Mimi nauliza tu, nijue nitakapoulizwa na Twiga nani alishindwa."

Bi Nyati akalitazama sufuria la Bwana Kiboko kwa pembe ya jicho. Lilikuwa linanukia. Bwana Kiboko akalitazama la Bi Nyati, akameza mate.

"Acha wewe," akasema Bwana Kiboko.

"Kwa nini mimi? Acha wewe!"

"Mimi siachi mbele yako hata ziwa likauke!"

"Na mimi siachi hata pembe zikatike!"

Kwato likainuka juu ya mkia wa Kuchakuro bila mwenyewe kujua, maana Bi Nyati alikuwa anakimbilia kufunua sufuria lake.

"Kuchakuro! Waite wenzako wote! Chukueni la kwangu kwanza!"

"La kwake kwa nini?" akafoka Bwana Kiboko. "Chukueni langu! Kuleni, osheni vyombo vyote, kunyweni, lakini langu kwanza!"

Wadogo wakashuka ziwani kwa mamia, wengine wamebeba vyombo, wengine hawakubeba kitu, na hakuna aliyewauliza. Mpaka leo wale wawili wanapika, roho zinawauma, na hakuna aliyekubali kuacha kwanza.

Nimemaliza yangu, wanangu, nanyi mkienda kulala mjue hili: mwenye wivu hubomoa ua wake kwa mikono yake mwenyewe, akidhani anamkomoa jirani.